Mashine ina tundu la waya tu, ruta iko nyumba ya pili: tunafanyaje?

Hali hii utaikuta Nyakasimbi, na hata kwenye senta nyingine za Karagwe na Kyerwa. Ruta ya 4G iko sebuleni, nyumba ya nyuma. Fremu ya stationery iko mbele, barabarani, na ndani yake kuna printa kubwa iliyotumika au DVR ya kamera za ulinzi. Mashine hizo nyingi hazina Wi-Fi. Zina tundu moja tu la LAN. Je, ni lazima kuvuta waya?

Waya ni mzuri, ila ndani ya jengo moja

Waya wa LAN hubeba data vizuri hadi mita 100. Shida inaanza pale unapopita nje kutoka jengo moja kwenda lingine. Ukanda wa maziwa makuu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Na si lazima radi ipige waya wako. Ikipiga jirani, mkondo wake mkubwa unaobadilika ghafla huzalisha volti kwenye shaba yoyote ndefu iliyo karibu. Volti hiyo inaishia kwenye tundu la LAN, na mashine inakufa. Kwa hiyo kukwepa waya wa nje si uvivu, ni kulinda mtaji.

Njia ya kwanza: daraja la Wi-Fi

Unachukua kifaa kidogo chenye Wi-Fi na tundu la LAN: ruta ya pili, au ripita. Unakiweka karibu na printa na kuviunganisha kwa waya mfupi wa mita moja. Kifaa hicho kinazungumza na ruta kuu kwa redio, na printa inadhani iko kwenye waya kama kawaida.

Rahisi, sivyo? Ila hapa ndo wengi wanakwama: intaneti inafika, lakini simu na kompyuta za nyumbani haziioni printa. Kwa nini?

Kila kifaa cha mtandao kina anwani yake ya kiwandani, inayoitwa MAC. Kwenye Wi-Fi ya kawaida, pakiti inayokwenda kwa ruta hubeba anwani tatu: ya ruta, ya kifaa kinachorusha, na ya mlengwa wa mwisho. Hakuna nafasi ya kusema "mimi narusha tu, mwenye mzigo ni printa iliyo nyuma yangu". Ruta nayo haipokei pakiti za kifaa ambacho hakijajiunga nayo.

Watengenezaji wana mbinu tatu za kutatua hili:

- WDS. Pakiti inaongezewa anwani ya nne, ya mwenye mzigo. Ni daraja la kweli, ila lazima pande zote mbili ziliweze. Vifaa vya kampuni tofauti mara nyingi havielewani.
- Daraja la kubadilisha anwani. Kifaa kinaweka MAC yake badala ya ya printa, na majibu yakirudi kinampa mwenyewe. Ripita nyingi zenye tundu la LAN hufanya hivi.
- Ruta nyuma ya ruta. Kifaa kinaunda mtandao wake mdogo. DVR itafika intaneti, lakini aliye sebuleni hataiona moja kwa moja. Kwa printa, hii haifai.

Kipimo ni rahisi. Angalia namba ya IP. Kama simu ina 192.168.8.25 na printa ina 192.168.8.40, kwa kawaida ni mtandao mmoja. Kama printa ina 192.168.0.10, uko nyuma ya ruta ya pili. Hakikisha pia ni ruta kuu peke yake inayogawa namba.

Kingine: mabati hurudisha mawimbi na tofali huyapunguza nguvu. Weka kifaa dirishani, kikitazama upande wa ruta. Masafa ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko GHz 5.

Njia ya pili: nyaya za umeme

Umeme wa TANESCO hupiga mara 50 kwa sekunde. Adapta za HomePlug AV hupitisha data kwenye nyaya zilezile, kwa masafa ya kati ya MHz 2 na 28, yaani juu kwa mara 40,000 na zaidi. Haviingiliani. Moja unaichomeka karibu na ruta, nyingine karibu na mashine.

Ila soketi zote mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa nyaya. Fremu yenye LUKU yake ni kubahatisha, na kama upande mmoja unatumia sola yake, sahau. Chomeka ukutani moja kwa moja, maana extension zenye kinga ya umeme huchuja mawimbi hayo.

Uchague ipi?

Printa inahitaji data kidogo, hivyo ripita ya kawaida inatosha. Kamera nane za Mbps 2 kila moja ni Mbps 16 muda wote ukiziangalia kwa pamoja, kwa hiyo pima kasi pale mashine ilipo kabla ya kununua. Ni rahisi: simama hapo na simu yako, unganisha Wi-Fi ya nyumbani, tazama. Simu ikihangaika, daraja nalo litahangaika.

Na jina "Ethernet", la teknolojia ya waya huo? Robert Metcalfe alilibuni mwaka 1973, akichota wazo kutoka ALOHAnet, mtandao wa redio wa visiwa vya Hawaii ulioanza 1971. Waya wa LAN ulijifunza kazi kwa redio. Ukiweka daraja, unaurudisha kwao.