Dodoso Lipi Limfae Mama Aliyepata Matatizo ya Uzazi?

Mama aliyenusurika kufa akijifungua anaweza kubaki na kiwewe: jinamizi, woga, hata kukwepa kliniki. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lenye maswali 10, hupima sonona. Kiwewe kinaweza kulipita. PCL-5 ina maswali 20 kuhusu tukio lolote la kutisha, na hupima dalili za mwezi uliopita. City Birth Trauma Scale ya mwaka 2018 ina maswali 29 na huuliza juu ya uzazi wenyewe. Kwa akina mama hawa tunaliona linafaa zaidi. Hata hivyo, dodoso hubaini dalili tu. Mtaalamu ndiye huthibitisha ugonjwa. Basi kabla ya kuuliza, tuandae faragha, nauli na mahali pa rufaa.