Hita ya Gesi Bafuni na Sumu Isiyonuka

Katika maeneo ya baridi, hita ya maji inayotumia gesi ya mtungi imekuwa msaada mkubwa majumbani. Hutoa maji ya moto papo hapo, hata umeme unapokatika. Ikifungwa mahali panapofaa na kutunzwa, ni kifaa salama. Ikifungwa ndani ya bafu dogo lisilopitisha hewa, huweza kumuua mwogaji kimyakimya.

Sumu inavyozaliwa

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Inapoungua penye hewa ya kutosha, hutoa joto, mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Hewa ikipungua, mwako haukamiliki, na ndipo inapozaliwa kaboni monoksaidi. Bafu lililofungwa mlango na dirisha hupungukiwa na hewa upesi.

Wengi huitegemea pua: "Sisikii harufu ya gesi, basi hakuna hatari." Dhana hii ni ya kuogopwa. Harufu tunayoijua huongezwa makusudi kwenye gesi ili itutahadharishe inapovuja kabla ya kuungua. Kaboni monoksaidi hutokana na gesi ambayo imekwisha kuungua. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo na moyo ndivyo huathirika kwanza. Mgonjwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, kisha huzimia. Kwa mjamzito, mtoto aliye tumboni huweza kudhurika kuliko mama mwenyewe.

Kukagua na kutunza hita

Kwanza, tazama moto. Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa njano na wenye kuchezacheza, au ukiona masizi kwenye hita, izime, funga mtungi na umwite fundi mwenye ujuzi.

Pili, tazama mahali ilipo. Hita ya kawaida ifungwe nje ya bafu, penye hewa. Bomba la maji pekee ndilo liingie ndani. Kama ina dohani, itoe moshi nje kabisa, isiishie darini. Viota vya ndege, kutu na viungo vilivyoachia huirudisha sumu ndani. Matundu ya hewa yasizibwe kwa matambara wakati wa baridi.

Tatu, hita isipowaka, anza na mambo mepesi: betri za kuwashia, gesi iliyobaki mtungini na nguvu ya maji. Ikiwaka kisha ikajizima mara kwa mara, huenda kinga yake ya usalama imegundua hitilafu. Asitokee mtu wa kuiondoa kinga hiyo ili hita "isisumbue".

Nne, kagua uvujaji kwa povu la sabuni kwenye mpira na viungo, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Fundi aisafishe na kuikagua hita walau mara moja kwa mwaka.

Ukimkuta mtu amezimia

Fungua milango, mtoe nje penye hewa safi, funga gesi na mwahishe hospitali. Usimnyweshe maziwa: hayaiondoi sumu hii, na aliyezimia huweza kupaliwa.

Kwa mhudumu wa afya

Dalili hizi hufanana na za malaria au uchovu. Mgonjwa asiye na homa aulizwe: Ulikuwa wapi maumivu yalipoanza? Je, hupungua ukitoka nyumbani? Nani mwingine pale anaumwa?

Jihadhari na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kipimo cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Huweza kusoma asilimia 98 ilhali mgonjwa yumo hatarini. Ukishuku, mpe mara moja oksijeni kwa kiwango cha juu, kwa barakoa yenye mfuko, bila kungoja majibu ya maabara. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 6 kutoka katika damu. Kwa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi dakika 60 hadi 90 hivi. Penye uwezo, pima kiwango cha sumu katika damu na uuchunguze moyo. Mjamzito, aliyezimia na mwenye maumivu ya kifua wapelekwe hospitali ya rufaa, oksijeni ikiendelea njiani.

Kabla ya kumruhusu, mweleze kwamba usahaulifu, mabadiliko ya tabia au kutembea kwa shida huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, akiviona, arudi. Wote waliokuwa naye nyumbani wachunguzwe, na hita isiwashwe tena hadi fundi aikague. Oksijeni humtibu aliyefika kwetu. Waliobaki nyumbani hulindwa kwa kuitengeneza hita.