Antivairasi ya bure kwa kompyuta ya mzee: nani analipa?

Laptopu nyingi zinazofika vijijini Mbinga hazikununuliwa zikiwa mpya. Zimetoka ofisi za nje zikiwa mtumba, zikapita Kariakoo, zikatumiwa miaka miwili mitatu na kijana aliyeko Dar es Salaam au Songea, naye alipopata nyingine akamtumia baba yake kwa basi. Huku Kitura mzee ana kazi nazo chache: mahesabu ya kahawa, muhtasari wa kikao cha AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, orodha ya michango ya ukoo, nyimbo za kwaya, na kuongea na wajukuu kwa video siku bando likiwepo. Kabla ya kuifunga kwenye boksi, mtoto huuliza: nimuwekee baba antivairasi gani ya bure?

Jibu langu ni kwamba asiweke yoyote. Iliyomo ndani ya Windows, yaani Defender, inatosha, mradi iwe imewashwa na ipate apdeti. Mambo yote yako kwenye hiyo "mradi", na hela pia ziko hapo.

Tuanze na wenye bidhaa. Biashara ya antivairasi ya bure ilikomaa Ucheki. Avast ilianzia Prague mwaka 1988, AVG ikafuata Brno mwaka 1991, na zote mbili zilipiga hesabu ileile: gawa bure kwa wote, wachache watanunua toleo la kulipia. Ukiwa na watumiaji mamia ya mamilioni, hao wachache ni fedha nyingi. Njia ya pili ya mapato ni kubebeshana mizigo. Unasakinisha antivairasi, inakuja na kivinjari ambacho hukukiomba, na mwenye kivinjari anamlipa mwenye antivairasi.

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta aibu. Kupitia kampuni tanzu yake ya Jumpshot, Avast ilikuwa ikiuza kumbukumbu za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea. Waandishi wa habari wa Marekani walilianika jambo hilo Januari 2020 na Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na haitaruhusiwa tena kuuza taarifa za aina hiyo kwa ajili ya matangazo.

Usidhani basi kwamba dawa ni kuhamia kwa jirani. Avast iliinunua AVG mwaka 2016 kwa dola bilioni 1.3. Norton ikaichukua Avira, kisha mwaka 2022 ikaungana na Avast, na kampuni iliyopatikana ikaitwa Gen Digital. Anayeumiza kichwa kuchagua kati ya Avast, AVG na Avira anachagua majina matatu ya mwenye mali mmoja. Kaspersky ya Urusi ina mkasa mwingine. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku mauzo yake nchini humo mwaka 2024 kwa hoja za usalama wa taifa. Katazo hilo halimfungi mtu wa Mbinga, ila limepunguza soko la kampuni hiyo, na ni vizuri mnunuzi alijue kabla hajatoa hela.

Aliyeharibu biashara ya wote hawa ni Microsoft. Mwaka 2009 ilianza kutoa Security Essentials bila malipo, na Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 Defender ilikuwa tayari ndani. Miaka ya mwanzo ilichekwa, kwani kwenye vipimo vya maabara ilishika mkia. Leo AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, huiweka safu moja na zile za kulipia. Haina matangazo ya kumtisha mzee kwamba kompyuta yake "iko hatarini" mpaka alipie. Kwa mtu wa miaka 70 hilo si jambo dogo. Ukishamzoesha kubofya kila kidirisha chekundu kinachodai hatari, atabofya na cha tapeli.

Kuna kasoro moja ambayo wasifiaji wa Defender huiruka, nayo inagusa Kitura kuliko Masaki ya Dar es Salaam. AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima antivairasi zikiwa na intaneti na zikiwa hazina. Defender hushuka waziwazi ikikatiwa mtandao, kwa sababu sehemu kubwa ya akili yake iko kwenye seva za Microsoft. Bitdefender ya Romania, yenye toleo la bure pia, haitikisiki sana hivyo. Lakini nayo hudai akaunti na intaneti wakati wa kusakinisha, halafu nenosiri la akaunti hiyo atalikumbuka nani? Kompyuta ya mzee huona mtandao pale tu mjukuu anapowasha hotspoti ya simu. Siku nyingine zote inapokea wageni kwa mlango mmoja tu, flashi.

Na flashi za huku zinatembea. Umeme wa gridi ulipofika Songea mwaka 2018 kwa njia ya Makambako, majenereta ya dizeli yakapumzika na biashara za kuingiza nyimbo na muvi zikanoga. Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, muvi iliyoingizwa mjini asubuhi inaweza kuwa ufukweni Nyasa kabla ya jua kuzama. Virusi havilipi nauli.

Chomeka flashi ya kwaya uiangalie vizuri. Folda la Pasaka limekuwa na kishale kidogo kwenye kona ya chini, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili. Ukilibofya linafunguka, nyimbo zote zipo, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Kumbe kile kishale, kabla hakijakufungulia folda, kimeshaamsha hati ndogo iliyojificha ndani ya flashi, nayo imejinakili kwenye kompyuta na sasa inasubiri flashi ya mtu mwingine. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Fundi anayejua kazi huyarudisha kwa amri moja ya attrib. Asiyejua humwambia mteja flashi imekufa, kisha anamuuzia mpya.

Hapo ndipo Smadav ilipojipatia wateja. Imetengenezwa Indonesia, ni nyepesi, inabebeka kwenye flashi, na kazi yake hasa ni virusi vya flashi. Watengenezaji wenyewe wanasema ni kinga ya pili, ya kukaa pembeni ya antivairasi nyingine. Toleo lake la bure halijiapdeti lenyewe. Mkulima wa Mbinga anajua kwamba kopa aliyopulizia mwaka jana haizuii chulebuni ya mwaka huu, lakini huyohuyo atakuonyesha kwa fahari Smadav iliyowekwa miaka minne iliyopita na haijaguswa tangu hapo.

Apdeti ndiyo gharama halisi ya kitu cha bure, na hulipwa kwa bando. Faili zima la apdeti za Defender lina zaidi ya megabaiti 100, na kwa anayenunua bando la siku huo ni mkono mzito. Windows yenyewe ni mlafi zaidi. Ikikuta hotspoti inaweza kumaliza bando lote kabla mzee hajamwona mjukuu, naye atajibu kwa kuzima apdeti zote. Afadhali hotspoti iwekwe kwenye mpangilio wa muunganisho unaopimwa, ili Windows ijizuie. Lile faili la Defender nalo lina njia yake. Microsoft hulitoa kwa kupakua kivyake, kwa hiyo mtu mmoja mwenye mtandao mzuri anaweza kulishusha mara moja, akaliweka kwenye flashi safi na kulisambaza kwenye kompyuta kumi.

Sasa tumgeukie fundi, maana ndiye anayeamua kuliko kampuni zote nilizozitaja. Kazi inayomlisha ni kupiga windo, yaani kusakinisha Windows upya. Windows anayoipiga mara nyingi haina leseni, kwa hiyo huiamsha kwa programu ya kukraki. Defender huitambua programu hiyo kuwa hatari, na maelekezo ya programu hiyo karibu kila mara huanza kwa kukutaka uzime antivairasi kwanza. Fundi anaizima, anaongeza folda kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, anamaliza, anapokea hela yake na kuondoka. Kuiwasha tena si sehemu ya bei. Wengine hukamilisha kwa kuweka antivairasi ya kulipia iliyokrakiwa, yaani mlinzi aliyepatikana kwa mlango uleule anaotakiwa kuulinda. Mtoto anayetuma laptopu afungue ukurasa wa usalama wa Windows, atazame ile orodha ya visivyokaguliwa, na kila asichokijua akiondoe. Aondoe pia antivairasi za majaribio zilizokwisha muda, kwani Defender hujiweka kando ikikuta nyingine imesakinishwa.

Suala la umri wa mashine halikwepeki. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, ambazo ndizo zimejaa kwenye mitumba. Microsoft imesema Defender ya Windows 10 itaendelea kupata apdeti za virusi hadi Oktoba 2028. Hiyo inanunua muda, ila haizibi matundu ya Windows yenyewe.

Halafu kuna wizi ambao antivairasi haiugusi. Msimu wa malipo ya kahawa, anayemwinda mzee hatumii kirusi, anapiga simu au anatuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Silaha ya mzee ni kuipeleka namba ya tapeli kwenda 15040, bila malipo, na hiyo inafaa kuandikwa kwenye karatasi kando ya kompyuta.

Kwa wenye stesheneri kuna jambo la leseni. Avast na Smadav za bure zinaruhusiwa kwa matumizi binafsi tu, si kwa duka linalochapa na kutoa kopi kwa malipo. Defender haina sharti hilo, mradi Windows yenyewe iwe halali. Na kwa fundi wa Mbinga mjini kuna pengo la biashara. Anatoza mara moja kwa kupiga windo, kisha anasubiri mashine iharibike. Kupita kwa bodaboda mara moja kwa mwezi na flashi yenye apdeti, akisafisha na kuhakikisha Defender imewaka, ni huduma ambayo mtoto aliye Dar angeilipia kwa M-Pesa bila kusita.