Makumbi ya nazi katika pepinyeri yetu

Mvua ya mwezi wa tisa ilipoanza tulitoa pesa katika sanduku la muso tukanunua matofali sita. Si ya kujengea. Ni vumbi la makumbi ya nazi, limekaushwa na kukandamizwa mpaka kila kipande kinalingana na mkate. Muuzaji alituambia kwamba ukimwagia maji, kipande kimoja kinavimba na kukaribia kujaza ndoo, tena nyanya ukipanda humo hazifi. La kwanza ni kweli. La pili lilitupotezea miche yote ya mwanzo.

Kwanza tueleze kwa nini tulimsikiliza. Tangu Bagira mpaka Panzi, kila mama anayelima nyanya anajua ugonjwa ule: mche unasimama vizuri, unaanza kutoa maua, kisha siku moja mchana unalegea ungali kijani, na baada ya siku chache umekufa. Ukikata shina lake na kulisimamisha ndani ya glasi ya maji safi, utaona kitu cheupe kama uzi wa maziwa kinashuka. Hiyo ni bakteria inayokaa ndani ya udongo kwa miaka, na hakuna dawa ya kupuliza inayoiondoa. Na sisi wenye kiwanja kidogo mteremkoni tutahamia wapi? Kwa hiyo mtu akituletea kitu cha kupandia ambacho si udongo, lazima tusikilize.

Nazi hazioti kwetu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mnazi unataka joto. Wenye kuyajua makumbi ni wamama wa pwani. Kule Zanzibar, vijiji kama Paje na Jambiani, wanayafukia kwenye mchanga unaofikiwa na maji ya bahari, wanayaacha miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha wanayaponda na kutoa usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba. Ni kazi ya mikono inayochosha kweli. Lile vumbi linalodondoka nyuzi zikitolewa lilihesabiwa kuwa takataka. Huko India na Sri Lanka lilirundikana kama vilima kando ya viwanda, mpaka wakulima wa maua na mboga walipoona kwamba linashika maji mara nyingi kuliko uzito wake, na bado linaachia mizizi nafasi ya kupumua. Leo linasafirishwa kwa meli, na hata mashamba ya waridi ya Naivasha, Kenya, yanalitumia.

Basi kosa letu lilikuwa nini? Tulilitumia kama udongo. Tulililowesha, tukajaza trei, tukapanda. Mbegu ziliota vizuri mno, tukafurahi. Kufika majani ya pili, miche ikawa ya njano, na kingo za majani zikaungua. Agronomu mmoja alikuja, akachukua konzi, akalikamua na kuonja maji yake. Chumvi! Makumbi yanalala katika maji ya bahari, na hata yasipolala humo yana chumvi yake. Tena vumbi hilo halina chakula cha mmea. Ni kama kumlaza mtoto kwenye godoro zuri bila kumpa uji.

Sasa tunafanya hivi. Tunalilowesha katika maji ya mvua (kwa hayo Mungu hakutunyima), tunakamua, tunamwaga maji yale ya rangi ya chai, tunarudia mpaka yatoke karibu meupe na bila ladha ya chumvi. Halafu ndoo mbili za vumbi tunachanganya na ndoo moja ya mboji iliyooza kabisa na kuchekechwa. Udongo hatuweki, maana ndio tunaoukimbia. Mama mmoja alitaka kuongeza majivu; tulikataa, kwa kuwa majivu nayo yana chumvi zile zile ambazo makumbi yanazo nyingi. Kupima maji ni rahisi: kamata konzi, finya. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakichuruzika, acha kumwagilia.

Miche ya mara ya pili ilitoka na mizizi mingi myeupe. Lakini tusidanganyane: ukiihamisha katika udongo wenye ugonjwa, itakufa kama mingine. Yetu tumeihamishia ndani ya mifuko yenye mboji na udongo tuliouchemsha katika pipa.

Tutanunua tena? Kidogo tu, kwa trei za mbegu. Kitu kinachovuka bahari na nchi nzima nzima hakiwezi kujaza mifuko ya mama wa Kadutu. Kwa mifuko tunajaribu makapi ya mchele kutoka Kamanyola na Luvungi, tunayachoma yawe meusi bila kugeuka majivu, kisha tunachanganya na mboji. Hayashiki maji kama makumbi, inabidi kumwagilia mara nyingi zaidi kiangazi. Vumbi la mbao likiwa bichi msilijaribu: linapooza linanyang'anya mmea chakula.

Matofali mawili yamebaki, yameshaoshwa. Mama mwenye mbegu tayari aje na ndoo yake siku ya kikao, na mboji yake pia.