Fedha Zinapopunguzwa Mpakani: Ni Nani Atakayefuata Nyayo za Mgonjwa?

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, malori husimama katika mstari mrefu njiani kwenda Malaba. Yametoka Mombasa, nayo yaelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Upande wa kusini, katika mji wa Busia, mambo ni yayo hayo: malori, baiskeli na pikipiki, na akina mama wenye vikapu vya samaki na nyanya, wavukao mpaka asubuhi na kurudi kabla ya jioni. Hata neno "boda boda," ambalo leo hutumika Afrika Mashariki nzima, husemwa ya kuwa lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliowabeba wasafiri kutoka boda hata boda.

Mpaka huleta riziki, lakini huleta na maradhi. Kwa sababu hiyo habari za fedha za hospitali na zahanati zina uzito wa pekee kwa watu wa Kaunti ya Busia, ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walikuwa 893,681. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika tarakimu katika vitabu. Lakini nimejifunza ya kuwa nyuma ya kila tarakimu iliyofutwa yuko mtu fulani aliyekuwa akifanya kazi fulani. Nia yangu leo ni kueleza ni mtu gani huyo, na kwa nini yatupasa kumwangalia.

MIFUKO MITATU

Hospitali zetu, kama ile ya rufaa iliyo mjini Busia, na zile za Kocholya, Port Victoria na Alupe, pahali palipojulikana tangu zamani kwa kuwatibu wenye ukoma, zimekuwa chini ya Serikali ya Kaunti tangu mwaka 2013. Fedha za kuziendesha hutoka katika mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni fungu ambalo kila Kaunti hupewa na Serikali ya Taifa. Wa pili ni mapato ya Kaunti yenyewe, pamoja na ada zinazolipwa hospitalini. Na kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023, ada hizo zapaswa kubaki katika hospitali iliyozikusanya. Mfuko wa tatu ni wa marafiki wa nchi za ng'ambo. Huu ndio uliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kupambana na UKIMWI. Mwaka 2003 Rais George W. Bush wa Marekani alianzisha mpango uitwao PEPFAR. Hapa kwetu magharibi ya Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana, walikuwa wamekwisha anza kazi hiyo mwaka 2001 kwa jina la AMPATH, nayo ikaenea hata Busia. Fedha za Marekani zilinunua dawa na vipimo. Tena zililipa mishahara ya wauguzi, washauri, makarani wa kadi, na watu wa kuwatembelea wagonjwa nyumbani kwao.

MIFUKO MIWILI ILITOBOKA

Mwezi wa Juni mwaka 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha katika miji mingi ya Kenya, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akatangaza ya kuwa hatautia sahihi. Kodi mpya zilipokosekana, matumizi nayo hayakuwa na budi kupunguzwa. Fungu la Kaunti zote, lililokuwa limepitishwa kuwa shilingi bilioni 400.1, likapendekezwa kuwa bilioni 380. Seneti ilikataa, Bunge la Taifa likashikilia neno lake, na baada ya mashauri marefu wakapatana kwa bilioni 387.4. Mwaka uliofuata fungu hilo liliongezwa likawa bilioni 415. Lakini katika ile miezi ya mabishano hakuna mweka hazina aliyeweza kupanga kazi zake kwa hakika.

Jeraha hilo lilikuwa halijapona, mfuko wa tatu nao ukatoboka. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump aliamuru misaada ya Marekani kwa nchi za nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe. Siku nne baadaye ikaja amri ya kuwa kazi zote zinazolipiwa na misaada hiyo zisimame. Ruhusa ya pekee ilitolewa baadaye kwa kazi za kuokoa maisha, lakini haikugusa kazi zote. Mwezi wa Machi ilitangazwa ya kuwa sehemu 83 katika kila 100 za miradi ya shirika la USAID zimefutwa, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lenyewe likaacha kazi ya kutoa misaada. Tarehe 4 Desemba mwaka huo Kenya na Marekani zilitia sahihi mapatano mapya ya afya: Marekani ikusudia kutoa hata dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, na Kenya iongeze dola milioni 850 kutoka katika hazina yake. Maana yake ni dhahiri: mzigo unahamia taratibu mabegani petu.

KINACHOKATWA KWANZA

Fedha zinapopungua, ofisi yo yote huchagua kitu cha kuacha. Dawa haziachwi kwa urahisi, kwa kuwa rafu tupu huonekana na kila mtu, na magazeti huandika. Majengo hayabomolewi. Kinachokatwa kwanza ni kazi isiyoonekana, nayo ni kazi ya yule mtu ashikaye daftari na kuuliza, "Fulani alipaswa kuja jana, mbona hakuja?" kisha apige simu, au atie mguu njiani amtafute.

Tumfikirie mama mmoja mwuza samaki, mkazi wa upande wetu wa mpaka, anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Ndugu yake amefariki Tororo. Avuka kwenda matangani akiwa na vidonge vya siku tano, akidhani atarudi upesi. Mambo ya urithi yamshika huko wiki tatu. Kadi yake iko Kenya. Kituo cha Uganda hakimjui, naye aona haya kueleza. Kwetu jina lake latokea katika daftari la waliokosa kufika. Akiwapo mtu wa kulisoma daftari hilo, atampigia simu, atamwelekeza kituo cha jirani, na mama atarudi katika dawa. Asipokuwapo, jina litabaki ni wino tu.

Hapa ndipo penye hatari. Atumiaye dawa hizi kila siku bila kukosa, virusi hupungua mwilini hata vipimo visivione, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya ngono. Akiziacha, virusi huongezeka tena. Na akizitumia kwa kurukaruka, virusi vyaweza kuwa sugu, hata dawa ile ya kwanza isifae. Mambo ya kifua kikuu ni karibu na hayo. Basi dawa zimenunuliwa, jengo limesimama, daktari yupo, lakini faida imepotea njiani.

Mkulima atalifahamu jambo hili mara moja. Tuseme ameishiwa na fedha baada ya kulima na kupanda mahindi, naye aamua kuokoa gharama kwa kutopalilia. Shamba liko pale pale, mbegu iko ardhini, mvua imenyesha. Wakati wa mavuno ndipo atakapojua alichokiokoa na alichokipoteza.

MLANGO WA NCHI NZIMA

Huenda msomaji wa Nyeri au wa Machakos akasema ya kuwa hayo ni mambo ya watu wa mpakani. La, sivyo. Mwezi wa Agosti mwaka 2024, mtu wa pili kupatikana na ugonjwa wa mpox nchini Kenya alikuwa dereva wa lori, naye alitambuliwa hapo Malaba. Ukaguzi wa afya mpakani ni kazi ya Serikali ya Taifa. Lakini mgonjwa akitambuliwa, hospitali za karibu ni za Kaunti, na watakaowatafuta waliokutana naye ni watu wenye kuijua miji na vijiji vya hapa. Mlinzi wa mlango akiachishwa kazi, wanaolala vyumba vya ndani ndio watakaoibiwa.

Tarehe 25 Septemba 2023 Serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 katika nchi nzima, kila mmoja akiangalia nyumba kama 100. Posho yao iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Taifa na nusu kutoka Kaunti. Watu hawa ndio wawezao kuirithi kazi ya kufuata wagonjwa. Lakini nusu moja ikichelewa, mtu apaswa kuchagua kati ya kuzunguka vijijini na kwenda kupalilia shamba lake. Nasi hatuwezi kumlaumu akichagua shamba.

UPANDE WA PILI WA SHAURI

Haki yatutaka tuwasikilize na wenye kupunguza. Serikali haiwezi kutumia fedha isizo nazo, na madeni ya nchi hayana budi kulipwa. Tena ni kweli ya kuwa katika miradi ya wafadhili kulikuwa na magari mengi, semina nyingi na ofisi kubwa. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi wa Aprili mwaka 2001, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga sehemu 15 katika kila 100 za bajeti zao kwa ajili ya afya. Kama ahadi hiyo ingalitimizwa, amri ya mtu mmoja huko Washington isingalitutikisa hivi.

Kwa hiyo sisemi ya kuwa pasipunguzwe kitu. Nasema tu ya kuwa mwenye kupunguza na aanze na viti vya semina, asianze na miguu ya mhudumu.

WAJIBU WETU

Kifungu cha 201 cha Katiba chasema ya kuwa mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Sheria nayo imeweka siku zake. Kufikia tarehe 28 Februari kila Kaunti hupeleka mpango wake wa matumizi katika Baraza la Kaunti. Kufikia tarehe 30 Aprili hupeleka makadirio. Na kufikia tarehe 30 Juni makadirio hayo yapaswa kuwa yamepitishwa. Katikati ya tarehe hizo ndimo mikutano ya kuwasikiliza wananchi hufanyika. Watu wengi hawaendi, au huenda kuomba barabara tu. Barabara ni njema, lakini mwaka huu twende na maswali matatu.

Kwanza, ni watu wangapi wanaolipwa kuwafuata wagonjwa waliokosa kufika, na mwaka jana walikuwa wangapi? Pili, ada zilizokusanywa katika hospitali yetu ni kiasi gani, na zimetumika kwa kazi gani? Tatu, kuna mapatano gani na wenzetu wa upande wa Uganda, ili mgonjwa aliyevuka mpaka apate dawa bila kufichwa wala kufukuzwa?

Atakayeuliza haya hahitaji elimu kubwa wala sauti kali. Ahitaji kufika mapema, kusimama kwa adabu, na kungoja hata jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Neno lililoandikwa laweza kuulizwa tena mwaka ujao. Lililosemwa tu huchukuliwa na upepo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni mdogo bado: ni jina la mama mmoja katika daftari, na simu ambayo haijapigwa.