Namba za Kilatini katika Rula ya Mwanafunzi

Kila mwanafunzi asomapo milimita katika rula yake, hutamka namba ya Warumi. Katika Kilatini kumi ni decem, mia ni centum, na elfu ni mille. (Desemba nayo yatokana na decem, maana mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi.)

Sheria ya vipimo iliyotolewa Ufaransa mwaka 1795 ilivipa vipimo vidogo majina ya Kilatini: desi-, senti-, mili-. Vikubwa vilipewa ya Kigiriki: deka-, hekto-, kilo-. Kwa hiyo mili- na kilo-, ingawa zote asili yake ni elfu, huelekea pande mbalimbali: milimita ni sehemu moja ya elfu ya mita, kilomita ni mita elfu. Aandikaye gramu mahali pa miligramu huzidisha dawa mara 1,000.