Mkungu wa Ndizi na Mama Mjamzito

Mwezi Machi 2020 serikali ya Uganda ilizuia watu kusafiri, ili ugonjwa wa korona usienee. Vijijini watu waliendelea kulima. Taabu ilikuwa barabarani. Mabasi yalisimama. Pikipiki ziliruhusiwa kubeba mizigo, lakini si abiria. Basi mkungu wa ndizi ulipanda pikipiki, na mama wengine wenye uchungu wa kuzaa walikwenda zahanati kwa miguu! Gari la kumpeleka mgonjwa lilihitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Je, uchungu husubiri kibali? Mwezi Aprili wajawazito waliruhusiwa kwenda bila kibali. Shule nazo hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Wengine hawakurudi tena.